Mlinzi Aliyeondolewa Langoni

Kila aishiye katika kota za polisi za Nsambya anaijua sheria hii, tangu mtoto anayejifunza kutembea hadi ofisa anayengoja kustaafu: mgeni hupita langoni. Awe ameleta gunia la mahindi au habari ya msiba, husimama mbele ya askari wa zamu, hutaja jina lake na jina la mwenyeji wake, ndipo huruhusiwa kuingia. Upande wa reli uzio una tundu, na watoto hulitumia kwenda kununua chapati. Lakini hata mtoto mkorofi kuliko wote hathubutu kumpitisha mgeni hapo.

Adyero, binti wa miaka kumi na mitatu, alizaliwa ndani ya uzio huo. Mama yake, Goretti Akumu, alikuwa sajini wa polisi. Baba yake, naye polisi, alikuwa amepelekwa kazini Moroto na alirudi nyumbani mara chache. Kila asubuhi Adyero alichota maji bombani, akafagia baraza, akapiga pasi sare yake na sare ya mama yake, kisha akashuka kilima kwenda shuleni. Hakuwa mtoto mvivu. Ninalisema jambo hili mapema, ili msomaji asidhani kwamba makosa makubwa hufanywa na watoto wabaya peke yao.

Sajini Goretti alikuwa pia katibu wa kwaya ya Waacholi parokiani, na kwaya hiyo ilikuwa ikijiandaa kwa jubilei yake mwezi wa Desemba. Nyimbo zake zote zilitungwa na mzee mmoja aitwaye Santo. Watu walimwita Ladit, jina la heshima ambalo Waacholi huwapa wazee wao. Ladit Santo hakuwa ameandika hata wimbo mmoja. Alitunga huku akipiga adungu, ala ya nyuzi ya kwao, na wanakwaya wakasikiliza na kushika. Sasa wengi wa wale walioshika walikuwa wamehama au wamefariki, na sauti ya mzee mwenyewe ilikuwa imeanza kukatika.

Kwa hiyo kila Jumamosi Ladit alikuja kuketi katika baraza la Sajini Goretti, akaimba mstari mmoja mmoja, na Goretti akaandika noti kwenye kompyuta. Adyero alifagia polepole ili asikie.

"Mtoto huyu anafagia mahali pamoja tangu asubuhi," mzee alitania. "Sakafu itatoboka."

Goretti alitumia programu ya kuandikia muziki iliyotengenezwa hapa hapa Kampala. Aliipata katika duka rasmi la programu, lile lililomo ndani ya kompyuta yenyewe, akaruhusiwa kuijaribu bure kwa muda. Muda huo ulipokwisha, nyimbo ziliweza kusomwa lakini hazikuweza kuchapishwa mpaka programu inunuliwe. Goretti alikuwa na kanuni yake juu ya mambo hayo. "Programu ni mgeni," alizoea kusema. "Katika nyumba yangu itapita langoni kama wageni wengine. Duka rasmi ndilo lango: pale kuna askari anayekagua."

Jumamosi moja aliitwa kazini ghafla. Alimpa Adyero simu yake na namba ya siri ya kulipia.

"Fedha ya programu imo humu," alisema akifunga mkanda. "Ingia dukani, ununue, kisha uchapishe wimbo mmoja tuone. Dukani, Adyero. Si kwingine."

"Ndiyo, mama."

"Mguu sawa!"

Adyero alisimama wima, akicheka. Hivyo ndivyo walivyozoea kuagana.

Hazikupita dakika nyingi, akaja Akullo, rafiki yake wa nyumba ya tatu, akiwa na simu aliyoazimwa na kaka yake. Alitazama bei iliyoandikwa kwenye ukurasa wa duka, akapiga makofi.

"Banange! Nyinyi mna fedha za kutupa? Mwenye duka anakula fungu lake bure tu. Watu siku hizi wananunua kwa mtengenezaji mwenyewe, moja kwa moja."

"Mama amesema dukani."

"Mama yako ni afande wa bunduki, si wa kompyuta. Ona hapa."

Ujumbe ulikuwa umeingia katika kundi la simu la watoto wa kota. Ulisema: "Habari za kota. Mimi nilikulia hapo, nyumba za nyuma, karibu na bomba. Sasa ninafanya kazi na watengenezaji wa programu. Msiwape wenye duka fungu lao. Nunueni kwetu kwa nusu ya bei. Tajeni tu programu mnayoitaka."

"Ni nani huyu?" Adyero aliuliza.

"Mtoto wa kota."

"Jina lake?"

"Wewe ndiye polisi sasa? Unataka na alama za vidole vyake? Mtoto wa kota hamlizi mtoto wa kota!"

Msemo huo watoto wa Nsambya waliuheshimu kama kiapo, nao ulikuwa umewafaa mara nyingi, maana walioutumia walijuana kwa sura. Adyero hakujiuliza swali moja jepesi: ni kota gani hapa Uganda isiyo na nyumba za nyuma, tena karibu na bomba?

"Na nusu itakayobaki?" alisema kwa sauti ndogo.

"Nusu itakayobaki ni jezi yako ya netiboli. Au umependa kucheza na ya kuazima mpaka umalize shule?"

Hapo ndipo palipomwasha. Timu nzima ya shule ilikuwa na jezi isipokuwa yeye. Akullo aliitaja programu katika ujumbe, naye Adyero akaituma nusu ya fedha kwa namba ya yule mtu, na nusu nyingine akaituma katika simu ya Akullo amtunzie. Kisha akafuta ujumbe wa malipo katika simu ya mama yake. Msomaji aangalie: aliyefuta ujumbe ule alikuwa anajua tayari kwamba anafanya vibaya.

Faili ikaja katika simu ya Akullo, wakaihamishia kwenye kompyuta. Ilikuja pamoja na maelekezo: "Kabla ya kuifungua, zima kinga ya kompyuta. Kinga huzuia programu zisizotoka dukani."

Kidole cha Adyero kilisita. "Mbona anataka nizime kinga?"

"Kwa sababu duka lina wivu," Akullo alijibu. "Zima, dada, tumechelewa."

Akaizima. Kompyuta ilinguruma kama lori linalopanda mlima. Kwa muda hakukuonekana kitu. Halafu majina ya nyimbo yakaanza kubadilika moja baada ya jingine, yakawa herufi zisizosomeka. Flashi yenye nakala ilikuwa imechomekwa ubavuni mwa mashine, nayo ikapatwa na yayo hayo. Mwisho ukatokea ukurasa mwekundu: "Faili zako zote tumezifunga. Lipa, ndipo tukufungulie."

Akullo aliinuka taratibu. "Mimi naitwa nyumbani."

"Nani amekuita?"

"Nimesikia," alisema, naye alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

Jioni Goretti aliporudi, alifungua kompyuta kabla ya kuvua viatu. Alisoma ule ukurasa mwekundu, akausoma tena. Adyero alikuwa amesimama jikoni, ameshika mwiko usio na kazi.

"Adyero, ulinunua wapi?"

"Dukani, mama, kama ulivyosema. Nilipofungua nyimbo nikakuta hivi."

Njia ya mwongo ni fupi, na mwongo akifika mwisho wake hulazimika kutafuta mtu wa kumkanyaga ili aendelee mbele. Goretti alifikiri kwa sauti: "Dukani hakuwezi kutoka kitu hiki. Ila siku ya Alhamisi Otema aliazima mashine, aandike maombi yake ya kozi."

Adyero angeweza kukataa. Alisema maneno mawili tu: "Labda yeye."

Otema alikuwa konstebo kijana wa nyumba ya jirani, mwimbaji wa besi katika kwaya ile ile, mtu mpole, ambaye mara nyingi alimbebea Adyero ndoo ya maji bila kuombwa. Goretti alimwita barazani, mbele ya majirani waliokuwa wakianua nguo.

"Otema, nilikuamini nikakupa mashine yangu. Uliingiza nini humo?"

"Niliandika maombi tu, afande."

"Maombi hayafungi nyimbo za watu!"

"Ndiyo, afande."

"Nilikuwa niweke saini yangu ukaende kozi. Sitaiweka."

Katika kota, konstebo habishani na sajini hata awe na haki mkononi. "Ndiyo, afande," alisema tena, akageuka kwa hatua za gwaride. Akina mama wakatazamana, na mmoja akachekea puani. Adyero aliyaona yote dirishani.

Siku iliyofuata mambo yalizidi. Baada ya misa walipata habari kwamba Ladit Santo amelazwa hospitalini, kifua kimembana. Goretti alikwenda kumwona, kisha akarudi nyumbani.

"Atapona?" Adyero aliuliza.

"Daktari anasema atapona, lakini asiimbe. Huenda sauti isirudi." Aliweka kofia yake mezani, akakaa. "Nyimbo zilikuwa mahali pawili, mwanangu: kooni mwa mzee na katika mashine hii. Sasa sijui ziko wapi."

Siku ya Jumatatu Adyero hakusikia neno lolote la mwalimu. Aliporudi alimkuta Otema amesimama barazani, amebeba redio yake iliyofungwa kwa shuka. Redio hiyo ilijulikana kota nzima, maana alikuwa akiifungulia watu taarifa ya habari wakati wa jioni.

"Afande," Otema alimwambia Goretti, "sijui nilichokosea. Lakini kama mashine imeharibika baada ya mimi kuigusa, siwezi kukaa hivi. Nitauza redio hii, tumlipe fundi."

Goretti alikuwa bado hajajibu, Adyero alipopita katikati yao.

"Usiuze," alisema. "Si yeye, mama. Ni mimi."

Alieleza yote: ule ujumbe, nusu ya bei, jezi, kinga aliyoizima, ujumbe wa malipo alioufuta. Alilia, lakini hakuacha kitu. Majirani wakatoka milangoni.

Goretti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha hakumgeukia binti yake, alimgeukia kijana. Alivaa kofia yake, akasimama wima, akasema kwa sauti iliyofika hadi bombani:

"Konstebo Otema! Nilikuhukumu bila ushahidi, mbele ya watu hawa. Mbele ya watu hawa hawa ninakuomba radhi. Lete maombi yako nitie saini sasa."

"Hapana neno, afande," Otema alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Kuna neno. Lete karatasi." Ndipo akamtazama Adyero. "Nawe, mguu sawa."

Safari hii Adyero hakucheka.

"Mgeni alikuja kwenye lango lako. Hukumjua jina. Hukumjua sura. Akakuambia, 'Kabla sijaingia, mwondoe kwanza mlinzi.' Nawe, binti wa askari wawili, ukamwondoa. Mtu anayetaka mlinzi aondoke ndipo aingie, tunamwitaje hapa?"

"Mwizi," Adyero alinong'ona.

"Sikusikia."

"Mwizi, mama!"

Jioni hiyo Akullo alikuja mwenyewe akairudisha nusu ya fedha aliyopewa kutunza, akiangalia vidole vya miguu yake. "Sikula hata shilingi, afande," alisema. Goretti alimwambia aende akawaeleze wazazi wake, naye angepita baadaye kuthibitisha.

Goretti alilifungua lile duka rasmi mtandaoni kwa simu yake, akautafuta ukurasa wa ile programu ya muziki. Chini kabisa yaliandikwa jina la mtengenezaji, namba yake na mahali alipo: Fahim Mansur, Kyambogo. Siku ya mapumziko yake alimchukua Adyero pamoja na ile mashine, wakaenda.

Fahim alikuwa kijana mwembamba mwenye kofia nyeupe ya kufuma, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitabu. Alimkaribisha Goretti kwa adabu, akaifungua kompyuta, akaguna.

"Mama, mlinipataje?"

"Kwenye ukurasa wako dukani."

"Afadhali. Wengi wanaopata 'mtengenezaji' kwa ujumbe wa simu humpata mtu nisiyemjua." Alijaribu hiki na kile, kisha akatikisa kichwa. "Nyimbo hizi siwezi kuzifungua."

"Hata wewe uliyeitengeneza programu?" Adyero aliuliza.

"Mimi nilitengeneza kalamu, mdogo wangu. Kufuli hili si langu. Na msimlipe aliyelifunga. Wengi waliolipa walifungwa mara ya pili. Nitaisafisha mashine, lakini kilichokuwamo kimekwenda."

Adyero alikaza macho sakafuni. Kisha aliuliza swali lililokuwa likimsumbua. "Kwa hiyo ni kosa kununua kwa mtengenezaji moja kwa moja?"

"Hata kidogo," Fahim alisema. "Baba yangu anauza vitambaa Nakivubo, kama babu yake alivyouza. Ukienda kwa mfumaji mwenyewe utapata kitambaa kwa bei nafuu, lakini sharti uijue nyumba ya mfumaji na uuone mtambo wake. Ukinunua kwa baba unaongeza kidogo, kwa sababu yeye amekwisha kumjua mfumaji kwa niaba yako, na kitambaa kikichuja rangi unajua pa kukirudisha. Duka la programu ni vivyo hivyo. Linachukua fungu lake, nami hulalamika kila mwezi! Lakini linakagua, na linarudisha fedha. Kwangu mimi ni nafuu, na ukikwama unanipigia simu mwenyewe. Milango yote miwili ni halali. Yule wa kwenye ujumbe hakuwa na mlango. Alikuwa na tundu la uzio."

Goretti alitikisa kichwa kwa kukubali. "Leo nimeiona nyumba ya mfumaji," alisema. "Nitanunua kwako."

Fahim alimpa risiti na namba ya leseni. Kabla ya kutoka, Goretti alimwambia binti yake: "Fedha uliyoipoteza imefidiwa na nauli yako ya Desemba. Hutakwenda Gulu kwa bibi. Hiyo ni adhabu ya fedha. Adhabu ya uwongo ataipanga aliyeibiwa nyimbo."

Walipofika hospitalini, Ladit Santo alikuwa ameegemezwa mito. Adyero alipiga magoti kando ya kitanda, akasema kosa lake bila kulipunguza.

"Nyara," mzee alinong'ona, neno la Kiacholi la kumwita binti yako. "Siruhusiwi kuimba. Basi mimi nitanong'ona maneno na kuonyesha kwa mkono sauti inapopanda na inaposhuka. Wewe ndiye utakayeimba. Kila siku, mpaka nyimbo zote zirudi."

"Ladit, mimi si mwimbaji."

"Sikukuuliza."

Hivyo ndivyo Adyero alivyoiacha netiboli. Kila alipotoka shuleni alipanda kilima hadi hospitalini, na mzee aliporuhusiwa kutoka, hadi nyumbani kwake. Aliimba mbele ya wagonjwa, wauguzi na wapita njia, na alipokosea mzee alipiga ukingo wa kitanda kwa kijiko. Mwanzoni aliona aibu hata masikio yakawaka. Jioni alimwimbia mama yake, naye akaandika, na kila wimbo ukahifadhiwa mahali patatu, pamoja na karatasi.

Kazi ilikuwa ngumu, na haikurudisha kila kitu. Nyimbo mbili za zamani mzee hakuzikumbuka tena. Zilipotea, na zimepotea hadi leo. Siku moja wimbo wa matoleo nao ulimkwama katikati. Mkono wake ulipanda hewani, ukabaki hapo.

"Umekwenda," alisema, na chozi likamdondoka.

Adyero alifumba macho. Alijiona barazani, ameshika ufagio, amesimama mahali pamoja tangu asubuhi. Akaanza kuimba, kwa woga, mstari uliofuata, na ule wa baada yake. Mkono wa mzee ukashuka polepole pamoja na sauti.

"Hapo mwisho umevuta mno," Ladit alinong'ona. "Lakini ni wenyewe."

Shule zilifungwa. Akullo na watoto wengine wa kota walipanda basi kwenda kaskazini kwa babu na bibi zao, na Adyero aliwabebea mizigo hadi langoni, akarudi peke yake. Jumapili ya jubilei kila mwanakwaya alishika kitabu kilichochapishwa, na Konstebo Otema, aliyekuwa amepata ruhusa kutoka kozini, alisimama mstari wa nyuma upande wa besi. Ladit Santo hakuimba. Alikaa mbele, akiongoza kwa mkono ule ule.

Baada ya misa Goretti alimwita binti yake kando, chini ya ukuta wa kanisa.

"Nikuulize. Umejifunza nini?"

"Kwamba ninunue dukani tu."

"La. Hilo ni jibu la mtoto mdogo. Nunua dukani, au nunua kwa aliyetengeneza, lakini mjue unayemfungulia. Bei nafuu si dhambi, ila usiiruhusu ikufumbe macho. Anayekuomba umwondoe mlinzi, mfukuze, hata akikuita ndugu. Na ukikwisha kukosa, sema siku ile ile. Kompyuta tuliisafisha kwa siku moja. Jina la Otema lingechukua miaka."

"Ndiyo, mama."

Adyero alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, bila kuambiwa. Alikuwa amesimama hivyo mbele ya mama yake tangu siku ile ya redio. Sajini Goretti alimtazama kutoka utosini hadi viatuni, kama akaguaye gwaride.

"Fedha umelipa. Nyimbo umelipa. Adhabu imekwisha," alisema. "Mguu pande."